Mbavu za Alhamisi na Leso ya Kulthum

Kwako Bi Umulkheir, mshauri wetu wa gazetini,

Baada ya salamu nyingi, naomba unisaidie, na kabla hujanisaidia naomba usichape jina langu, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa chuo hapa Amu, wazazi waniletea wana wao niwasomeshe Kurani, na haya nitakayokueleza yakijulikana sitaweza tena kumwambia mtoto wa mtu afunge mdomo asicheke.

Bi Umulkheir, maji yamenifika shingoni, na yamenifika kwa ajili ya mbavu za mbuzi.

Nilimuoa Kulthum miaka mitatu iliyopita, mwanamke mpole wa nyumba njema, akikupikia samaki wa kupaka wasahau adabu ukalamba vidole mbele ya wageni, lakini mwezi wa kwanza wa ndoa yetu nilinunua beberu huko Kililana, mwenyewe akaniambia ni mnyama mzima mwenye nguvu, na kweli alikuwa na nguvu, maana kumpandisha mashuani tulikuwa watu wanne, basi Kulthum akapika mbavu zake, nikamwalika mama, tukala, yaani tukajaribu kula, mama akatafuna kipande kimoja tangu adhuhuri mpaka ikaadhiniwa alasiri, akauliza, "Mwanangu, hini ni nyama au ni kamba?" nami, mjinga mimi, nikitaka mama acheke, nikasema viatu vyangu vina ladha kuliko mbavu za mke wangu. Mama akacheka. Kulthum akaondoa sahani, akaosha mikono, na tangu siku ile hajapika ubavu katika nyumba yangu, ukimletea mbuzi atapika paja, atapika mkono, atapika hata kichwa, mbavu awapa paka.

Sasa mimi mbavu nazipenda, ndio udhaifu wangu, Mungu anisamehe. Mwaka jana binamu yangu Barka, ambaye ni mpishi wa Mzungu mmoja huko Mombasa, alikuja kututazama, akanieleza vile Mzungu wake apikiwavyo mbavu mpaka mfupa unatoka wenyewe ukiushika kwa vidole viwili, kwamba kwanza waambua ile ngozi nyembamba ya upande wa ndani, kisha wapaka papai bichi lililokunwa, kisha wazitia kwenye sufuria na maji kidogo na kuzifunika juu ya moto mdogo kwa saa mbili, na mwisho wazihamisha kwenye makaa na kuzipaka ukwaju, sukari guru, kitunguu thaumu na pilipili, wageuza na kupaka, wageuza na kupaka. Nikamuuliza, mbavu za mnyama gani hizo? Barka akatazama chini akasema za nguruwe. Nikasema astaghfirullah mara tatu, kisha nikamwomba arudie kipimo cha ukwaju. Aliapa kwamba hajawahi kuonja, nami namsadiki, ingawa alivyoieleza ile ladha si kama mtu aliyehadithiwa.

Nikaazimia njia hiyo niijaribu kwa mbuzi. Alhamisi chuo hufungwa adhuhuri, nikamwambia Kulthum siku hiyo awe anakwenda kuzungumza kwa jirani yetu Bi Saadiya, nyumba ya pili, arudi jioni, akakubali bila kuuliza hata neno moja, nikashukuru. Taabu ni kwamba jiko letu liko juu darini kama nyumba nyingi za hapa, na madari yote yaonana, na huko juu ni kwa wanawake, mwanamume akionekana akipuliza makaa ni kichekesho cha mwaka mzima, tena mwalimu! Kwa hivyo nikawa navaa leso za Kulthum, zile nyekundu, moja kiunoni moja kichwani mpaka machoni, naiinamia seredani yangu sitazami huku wala huku, na Bi Saadiya akiniona kutoka darini kwake huita, "Kulthum wee! Moshi wako watutia ndaa!" nami sithubutu kujibu kwa sauti yangu, nainua mwiko nampungia, basi hucheka yeye na wenziwe aliokaa nao, wakacheka mpaka nami nafurahi kwamba mke wangu apendwa hivi mtaani.

Alhamisi ya kwanza nilizipaka mbavu papai zima tangu alfajiri, zikawa uji, nikala kwa kijiko. Alhamisi ya pili nikakuta jikoni kipande kidogo tu cha papai, nikasema hii ndiyo bahati yangu, nikakitumia kwa muda wa kwenda msikitini na kurudi, na mbavu zikatoka laini, Bi Umulkheir, laini! Tangu hapo kila Alhamisi nakuta kipande kama kile, na makaa makavu, na ukwaju umekwisha kuloweshwa, nadhani ni wa samaki. Kulthum naye akirudi hunukia moshi na ukwaju, maskini, moshi wangu humfuata hata huko kwa watu.

Mbavu zikizidi nilipeleka sahani kwa mama na kwa wenzangu wa barazani, wakauliza nani kapika, ningesema nini? Nikasema Kulthum. Tena sikusema kwa ufupi, nikasema Pate hakuna, Faza hakuna, mkono kama huo haujazaliwa. Sifa zikaenea mji mzima, na juzi Bi Mwanamkisi, anayemuoza binti yake wiki mbili zijazo, akaja nyumbani kumwomba Kulthum awapikie wanawake mbavu siku ya harusi, mbuzi sita, katika jiko lake, mbele ya wanawake wote. Kulthum akacheka akasema, "Inshallah nitakuja." Alicheka! Mimi nyuma ya mlango nikaanza kuhesabu siku.

Sili, silali. Mke wangu atafedheheka, na fedheha hiyo nimeitengeneza mimi kwa mdomo wangu. Nimefikiri kuvaa buibui niingie jikoni kwa Bi Mwanamkisi nipike mwenyewe. La Kulthum nimelijaribu, lanifika chini kidogo ya magoti, na nina ndevu. Pia nauliza, njia ya kupikia mnyama yule, ukiitumia kwa mbuzi, mbuzi huwa haramu? Sheikh wangu siwezi kumuuliza, ataniuliza kwa nini nauliza. Fanya hima, Bi Umulkheir, harusi yaja.

Ni mimi ndugu yako mwenye dhiki,
Mwenye Leso, Amu

*

BI UMULKHEIR AJIBU

Mwalimu, livue hilo buibui. Livue sasa hivi, kabla hujafika mwisho wa mstari huu. Mimi nimezaliwa Pate na harusi za Amu nazijua. Mwanamume atakayekamatwa katika jiko la wanawake amejifunika buibui hatatolewa kwa maneno, atatolewa kwa miko ya pilau, na atakayekupiga wa kwanza ni mamako.

La dini nilimalize haraka. Mbuzi aliyechinjwa kwa bismillahi ni mbuzi, na papai halijamkosea mtu. Kama moyo haujatulia, nenda kwa sheikh wako, akuulize atakaloliuliza. Barka na kile alichoonja au hakuonja ni mambo yake na Mola wake, ila wewe usimuulize tena habari za ladha.

Sasa tuje kwako. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikapoa, mara ya pili nikakuonea huruma, mara ya tatu nikatamani nikufinye sikio. Kazi yako ni kuwafundisha watu kusoma, na barua uliyoiandika kwa mkono wako mwenyewe hukuisoma!

Nijibu. Kulthum akitoka nyumbani Alhamisi huenda wapi? Kwa Saadiya. Na nani huyo akuitaye "Kulthum wee" kutoka darini kwake? Saadiya. Basi wakati Saadiya anakuita wewe Kulthum, Kulthum mwenyewe yuko wapi?

Amekaa kando yake, bwana wangu, na kikombe cha kahawa mkononi, akikutazama ulivyojifunga leso zake. Na wale wenziwe hawakuwa wakicheka kwa sababu ya mapenzi. Madari yote ya mtaa wenu yanakujua. Pole sana. Kanywe maji, kisha urudi tuendelee.

Umekunywa? Haya, papai. Ati bahati! Wewe uliharibu nyama Alhamisi ya kwanza, na Alhamisi ya pili ukakuta kipande cha kiasi kinachotakiwa, na ya tatu, na ya nne, mwaka mzima. Kuna mtu aliuona ule uji wako, akajua ulipokosea, akakupimia. Makaa nani aliyekuanikia? Na huyo samaki wa ukwaju, umewahi kumla hata siku moja? Mkeo anarudi mikono yanukia ukwaju kwa sababu huko kwa Saadiya naye anapika. Anapika mbavu, wanawake wanakula, na wewe uko juu ya dari lako wanakutazama kama tamasha. Ndiyo maana Bi Mwanamkisi amekuja kumwomba. Wadhani hajui nani huvaa leso nyekundu? Anajua sana. Lakini hakuna mama wa bibi harusi atakayemkabidhi mbuzi sita mtu ambaye hajawahi kuonja chakula chake. Kulthum alicheka kwa kuwa ana yakini na mkono wake, na wewe ulihesabu siku bure.

Kwa hivyo fedheha haipo. Hilo litoe moyoni ulale.

Lakini kuna jambo hukuniuliza, nami nitalijibu vivyo hivyo. Mwanamke ajuaye kupika mbavu kiasi hicho, kwa nini azipike kwa jirani na asizipike kwake?

Jibu unalo. Uliliandika kisha ukalikimbia. Mwari wa mwezi mmoja, yuko ugenini, anampikia mama mkwe, wewe ukamletea beberu aliyezeeka Kililana mpaka akachokwa na wenyewe. Nyama ile ilikuwa yahitaji siku nzima ya moto, si mchana mmoja. Kosa lilikuwa lako, mnunuzi. Na badala ya kusema "mnyama huyu nilidanganywa," ukamlinganisha mkeo na viatu ili mamako acheke. Mwalimu, nimekasirika kweli. Miaka mitatu mwanamke huyu hajasikia kutoka kwako neno la kumtuliza, na bado kila Alhamisi anakukatia papai ili ule vizuri. Mimi ningekuwa yeye ningekuwekea papai zima kila wiki, ukala uji mpaka leo.

Basi fanya nitakavyokwambia, wala usiongeze lako.

Kabla ya harusi, mwalike mamako. Kaeni watatu, pale pale mlipokaa siku ile. Sema kwa kinywa chako: "Kulthum, beberu nilimnunua mimi, alikuwa mzee, na maneno niliyoyasema yalikuwa mabaya. Nisamehe." Kisha nyamaza. Usitie mzaha. Usieleze kwamba ulikuwa mjinga, hilo wote wanalijua. Mamako akicheka, wewe usicheke. Kulthum naye akinyamaza siku mbili tatu, muache anyamaze, ana haki yake.

Siku ya harusi kaa barazani na wanaume wenzako, kula biriani yako. Usimpelekee mtu wa kumkumbusha kipimo. Kipimo ulichokuwa ukitumia mwaka mzima ni chake.

Wenzako wa barazani waambie kweli. Umewadanganya kwa midomo yote miwili, na wewe ndiwe unayewachapa watoto wakisema uongo. Watakucheka mwezi mzima, nami nasema wana haki. Mwezi wa pili wataanza kukuuliza habari za makaa.

Na mbavu usiache kupika, wala usione haya. Wewe wajua kuliko mimi kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwatumikia watu wa nyumba yake. Ila papai lisizidi nusu saa, makaa yaache yavae jivu kwanza, na sukari guru itie mwisho kabisa, maana ukiitanguliza huungua ikawa chungu. Kama una shaka muulize mkeo, yuko hapo hapo. Na kabla ya kupanda darini piga hodi kwa sauti, wanawake wa jirani wapate kujifunika. Hilo la kukaa kati yao mwaka mzima ukijifanya mwanamke sijalisahau, na wala usidhani wao wamelisahau. Waliamua tu kukuvumilia kwa ajili ya Kulthum.

Majina yote nimeyabadili, lakini leso nyekundu nimeiacha, na Amu ni ndogo. Gazeti hili likishafika huko utakuwa na saa chache tu kabla ya Saadiya kusomewa. Usizipoteze.

Leso mrudishie mwenyewe. Alhamisi itakayofuata harusi, panda na kofia yako kichwani, upike mbele yake, umpakulie wa kwanza. Na Saadiya akiita "Kulthum wee!" muitikie kwa sauti yako nene, mwambie Kulthum yuko hapa, amekaa, anakula.