Diski Iliyoandikwa Tupu

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika halafu nikakaa kama mjinga nasubiri. Wewe hukuwahi kuacha shikamoo ya mtu ipite bila kuiitikia, hata ukiwa kanisani na kamera begani. Maharusi wangapi walikuja hapa Tinde kulalamika kwamba katikati ya kiapo chao inasikika sauti ya mpiga video ikisema marahaba? Nawe ukawauliza kama walitaka ununie mtoto wa watu. Leo nimekusalimu na kumekaa kimya, na nina jambo baya la kukuambia.

Nimeifuta diski ya familia.

Ngoja nieleze. Ile wiki ya mwisho, ulipokuwa umelala chumba cha mbele, uliniambia, "Kabula, hivi vitu viweke mahali pamoja, mama yako atazame bila kumwita mtu." Nikaahidi. Baada ya msiba nikarudi Geita kwenye kibanda changu cha ufundi, na ile ahadi niliyokupa ikanifuata huko. Wachimbaji wananiletea simu zilizojaa tope la duara, yale mashimo yao ya dhahabu, nazifungua, nazisafisha, na aliyefuta picha zake kwa haraka namfokea kama mtoto: fungua kwanza utazame kilichomo, ndipo ufute. Mimi huyo huyo, Baba.

Mwezi uliopita nikaja nyumbani na kompyuta kuukuu ambayo mteja mmoja aliniachia alipohama. Nilitaka kuifanya seva ya nyumbani, yaani ikae kwenye kona ya sebule imebeba video zako zote, Mama akiwasha televisheni azikute zimepangwa, achague kwa rimoti, bila waya na bila bando. Nikaweka ule mfumo endeshi wa bure uliokuwa unanicheka nao. Ulisema mfumo wa bure utafanya kazi bure, nikakununia siku nzima. Basi ulifanya kazi vizuri, haukukosea hata kidogo. Aliyekosea ni mimi.

Diski zako zilikuwa kwenye begi la kamera, kila moja umeibandika plasta nyeupe ya hospitali na kuandika kwa kalamu nene. HARUSI TUPU. KIPAIMARA TUPU. MISIBA TUPU. Ndivyo ulivyokuwa unaongea siku zote, ukitoka gulioni unasema leo nyanya tupu, ukitoka kwa jirani unasema pale umbea tupu. Diski moja plasta yake ilikuwa imebanduka nusu. Neno lililobaki lilikuwa TUPU. Nikasema hii haina kitu. Programu ikaniuliza niweke mfumo kwenye diski ipi, nikachagua hiyo. Ikauliza tena kama nina uhakika, maana vyote vilivyomo vitafutika. Nikabonyeza ndiyo huku natafuna muhogo.

Halafu nikamwagia harusi zako juu yake, mpaka ikajaa.

Kesho yake nilikuwa nakung'uta begi ili nilihifadhi, nikaona kipande cha plasta kimenata ndani ya mfuniko. FAMILIA. Nilikaa chini sakafuni na lile begi mapajani, Mama akapita akaniuliza kama tumbo linaniuma. Nikasema ndiyo.

Unajua kilichokuwemo. Umewapiga picha watu wote wa hapa na vijiji vya jirani, lakini wewe mwenyewe ulionekana kwenye video moja tu, ile ya kuvuna mpunga, Mama alipokunyang'anya kamera akakukata kichwa, ukawa kiwiliwili kimesimama kwenye jaruba kinacheka. "Ishike kama unashika mtoto, Mama Kabula." Hiyo ndiyo Mama aliyokuwa anaisubiri. Alishawaita shangazi zangu waje kuitazama Jumapili ya kuweka msalaba kaburini. Kila siku ananiuliza, nami nasema bado inapakia, Mama. Akasema kompyuta yangu inapakia kama ng'ombe anayecheua. Nilicheka naye, na nikajichukia.

Nilijaribu kurudisha. Sisi mafundi tunaita kufufua mafaili, na sikuwahi kuliwaza hilo neno mpaka juzi. Siku mbili programu ilichimba. Ikanipa mafaili yasiyo na majina: nusu ya mbuzi, mistari ya kijani, upepo mtupu bila picha. Wewe hukuwemo.

Ndipo nikaanza kuzipekua harusi za watu. Nilikuwa natafuta sauti yako tu, hata kikohozi. Mchana mmoja nikafika kwenye harusi moja ya Ibadakuli, wageni wanaingia ukumbini, msichana mwenye gauni la njano anapita karibu na kamera, anakunja magoti kidogo, anasema shikamoo. Nawe ukaitika. "Marahaba, mayu. Pita upande huu, usinizibie bibi harusi." Nilikuwa sijaisikia tangu tukuzike. Nikarudisha, nikarudisha tena, sikusikia Mama anatoka jikoni. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, ugali unadondoka chini. Akasema, "Baba Kabula?" Kama anayeuliza nani amebisha hodi.

Hapo nikamwambia yote. Plasta, muhogo, uongo wa kupakia. Akauliza, "Na ya mpunga?" Nikasema nayo. Hakunifokea. Bora angenifokea, Baba. Alirudi jikoni akamaliza kusonga ugali, akanipakulia, akanipa maji ya kunawa, na tangu siku hiyo haniiti mayu, "mama" ya Kisukuma chetu, kama mlivyozoea kuniita nyinyi wawili. Ananiita Kabula, kwa upole, kama mgeni.

Jumapili tumeweka msalaba. Shangazi zangu wakakaa sebuleni wanasubiri kukuona. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nikiri mbele yao, Mama akaniwahi. Akasema ile ya shambani imeharibika, leo tunatazama harusi ya watu. Hakusema imeharibiwa na nani. Akanipa rimoti bila kunitazama.

Tukatazama harusi ya watu tusiowajua. Shangazi wakawa wanashangaa wameitiwa nini. Mimi nilijua dakika yenyewe, na nikaona Mama naye anaijua, maana alianza kupanga khanga yake mabegani. Gauni la njano lilipotokea mlangoni, kabla yule msichana hajafungua mdomo, Mama akatangulia yeye. Akasema shikamoo, taratibu, kama alivyokuwa anakusalimia kila asubuhi ukiamka.

Ukaitika.

Shangazi yangu mkubwa akavua kilemba akajifunika nacho uso. Mama akasema, "Rudisha, Kabula." Nikarudisha. Bado ni Kabula. Sijui kama nitarudi kuwa mayu, na sina ujasiri wa kuuliza.

Kesho narudi Geita na nakala za harusi zako zote. Nakuahidi nitazisikiliza moja baada ya nyingine, hotuba za wajomba na makelele ya spika, mpaka niokote kila marahaba uliyoiacha humo, nimletee Mama. Na kila diski nitaiandika kwa maneno yangu, na kabla sijaigusa nitaifungua nitazame. Kosa langu sikuombi ulisamehe leo. La kusamehe ni la Mama, na sitamharakisha.

Lala salama, Baba. Televisheni bado inawaka, nimeisimamisha pale pale mlangoni pa ukumbi wa Ibadakuli, rimoti iko karibu na daftari hili. Mama amekaa nyuma yangu anachambua mchele, bado hajaondoka.

Shikamoo.

Sasa nabonyeza.

Mwanao,
Kabula