Kiti Kitupu cha Luberizi

Mjukuu wangu Neema,

Amani ikufikie huko Kinshasa. Hapa Kilibula tuko wazima, na bibi yako anakusalimia. Unauliza utajuaje kama tiba ya kuigiza inasaidia kweli.

Nikiwa kijana wa redio, nilimfuata mtabibu mmoja wa tiba hiyo hadi kijiji cha Luberizi. Mama Riziki, mjane, alikuwa ameliacha shamba lake la mpunga tangu mumewe auawe pale, na watoto walikula kwa majirani. Mtabibu alimweka mbele ya kiti kitupu aongee na marehemu kana kwamba ameketi pale. Alilia, nasi tukalia.

"Sasa iko namna gani, mama?" nikauliza.

"Iko muzuri, aksanti."

Mtabibu akanizuia kurekodi. "Anakujibu hivyo kwa sababu weye uko mugeni. Tutarudi wakati wa mavuno."

Tuliporudi, mtabibu hakumuuliza habari za moyo. Aliuliza mpunga uliokuwa ukianikwa umetoka wapi.

"Kule shambani kwetu," akasema Mama Riziki. "Nililima minye mwenyewe. Lakini kulia, ningali nalia."

Nilifurahi, nikawasha kinasa sauti. Mtabibu alikuwa ameshavuka barabara kumuuliza jirani, mjane ambaye hakuwahi kuigiza, kama naye amerudi shambani.

"Huenda ni muda tu uliomrudisha shambani, si kiti," aliniambia.

Nawe, Neema, usimsahau huyo jirani.

Babu yako