Udongo wa Kopo la Rehani

Baba mpendwa,

Madam ametuleta Jeddah kwa mamake, mimi na Nafula, mpishi wetu. Joto la huku lina unyevu, nguo hazikauki, si kama lile la Riyadh.

Jana mamake Nafula alizikwa Bungoma. Madam alituruhusu tutazame kwa simu, jikoni. Jeneza lilipoanza kushuka, mtandao ukakatika. Nafula akanishika mkono: "Wewe ni mtoto wa mchungaji. Malizia."

Nikamkumbuka yule kasisi uliyekuwa ukitusimulia habari zake, aliyepelekwa Australia pamoja na wafungwa wa kwanza kutoka Uingereza. Hakuwa na kanisa. Alihubiri juani, akalima chakula chake mwenyewe, akazika watu ambao mama zao hawangejua kaburi liko wapi. Utotoni nilimwonea huruma. Jana nilimwonea wivu, maana yeye angalau alikuwa na kaburi mbele yake.

Nikayasema maneno unayosema makaburini. Udongo tuliuchota kwenye kopo la rehani, ule mmea wa kunukia, dirishani. Nafula akautupa, ukatawanyika juu ya sakafu nyeupe. Mara madam akaingia. Nikakimbilia ufagio.

"Halas, basi," akasema polepole. "Uache udongo hapo mpaka kesho."

Mikono yangu bado inanukia rehani.

Meza dawa zako za presha, Baba, na usiniambie umepona kama hujapona. Udongo wa kaburi lako nataka niutupe mwenyewe, nikiwa nimesimama hapo.

Binti yako,
Ndanu