Sindano Iliyonichoma Koboko

Ayikoru mdogo wangu,

Nisamehe, nimekaa kimya tangu nihamie huku Koboko. Kwanza kazi nyingi, kisha woga, vilinizuia kuandika. Lakini unaanza kazi ya unesi, lazima nikwambie.

Wiki iliyopita nilikuwa namdunga sindano mtoto aliyeletwa kutoka Oraba, kule mpakani, bibi yake amempakata. Mtoto akalia, bibi akamvuta ghafla kifuani. "Sista, wewe nataka kuua yeye!" Sindano ikanichoma kidole. Nilipomaliza kunawa, walikuwa wameshapanda boda wakarudi mpakani, mtoto hajapimwa damu.

Nesi mwenzangu akaninong'oneza, "Kamua damu, nyamaza. Ukisema, watu watasema wewe iko na ugonjwa."

Usimsikilize mtu kama huyo. Usikamue. Osha kwa sabuni na maji mengi, mwambie msimamizi wa wodi hapo hapo, uanze dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI siku hiyo hiyo. Mimi nilisema, na dawa nikaanza jioni ile ile. Na mtoto ashikwe na nesi mwenzako, maana bibi ana huruma mno.

Dawa zinanitia kichefuchefu, na kipimo cha mwisho bado. Siji nyumbani Arua kwa sasa. Mwanangu Driciru akiniona atataka ziwa, na huenda maziwa yangu yana virusi; nami nitamnyimaje? Mama aendelee kumpa uji.

Mungu ailinde mikono yako, mdogo wangu. Dada yako anakupenda.

Nitumie karanga za kusaga, viatu vya kufunika vidole, na fulana moja ya Driciru ambayo hamjaifua.