Mabawa Mafupi ya Mutuma

Siakago, Jumapili. Miaka thelathini na miwili tangu ndugu zangu wanifukuze Kibirichia.

Mpwa wangu Mutuma amemaliza kuunda ndege yake, mfano wa zile za mashindano za Waingereza wa zamani, zenye mabawa ya juu na ya chini. Ataipaisha Jumamosi huko Kibirichia, yeye mwenyewe akiwa ndani. Amefupisha mabawa ili iende mbio, na mbao zake ni za mkima, ule mti wa kivuli cha kahawa, ambao hupasuka ukikauka.

Nilimwambia kwenye simu aipindue, apange magunia ya viazi juu ya mabawa, aone kama yatahimili uzito. Waingereza walipima hivyo kwa mchanga.

“Anko, unataka niivunje kabla haijaruka?” akacheka.

Kwa hiyo anajua.

Anataka niende nishuhudie. Sitarudi Kibirichia, hata kwa mazishi.