Rupia ya Bi Zuhura

Jumamosi. Upepo wa Dodoma umeamka na ugomvi, vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Na mimi moyo hautulii.

Bi Zuhura anauza vitenge Majengo. Kila nikipita namuulizia sarafu za zamani. Ndio ulevi wangu, wengine wana bia. Jana, baada ya salamu, akafungua kijaluba akanitolea rupia ya Mjerumani, simba amesimama na mnazi nyuma yake. "Nenda nayo, mwanangu. Ilale kwako, uiangalie vizuri. Tutaongea."

Hakutaja bei. Hakuniandikisha popote.

Jamani, nani siku hizi anakupa kitu cha thamani hivi hivi tu?

Leo asubuhi nikaiweka dirishani penye mwanga. Sisi wakusanyaji tunazipa sarafu madaraja: simba bado ana manyoya? Herufi zimelika? Ukingo umegongwa? Hii ilikuwa daraja la juu. Halafu kuna mvuto wa macho, na huo hauna kipimo. Sarafu mbili za daraja moja, moja unaipita, nyingine inakushika mkono. Hii ilinishika. Ukingoni nyeusi, ndani kahawia, katikati ya hapo buluu kidogo kama shingo ya njiwa.

Nzuri mno. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Mitandaoni nimeona matapeli wanavyofungia sarafu pamoja na yai la kuchemsha ili ipate rangi ya uzee kwa siku chache. Nikainusa. Yai hakuna, inanukia udi. Ahaa! Kumbe bibi kaifukiza udi kuua harufu ya yai! Ndivyo nilivyo, mnisamehe. Hata mtu akinisifia shati namuuliza anataka nini.

Nikachukua kitambaa na dawa ya meno. Kidogo tu, ukingoni, kujaribu. Weusi ukatoka. Nikapiga makofi: nimemkamata! Nikasugua upande wote, nikageuza, nikasugua na wa pili, ili nikamuumbue na ushahidi mkononi.

Weusi wa kweli nao hutoka ukiusugua hivyo. Nalijua hilo miaka yote. Hasira ilishanitangulia.

Alasiri akapiga simu. Shikamoo yangu ilikuwa kavu, wala hakujali, alikuwa na furaha zake. Akasema rupia ile ni ya marehemu mama yake, imekaa kwenye sanduku la udi tangu yeye hajaolewa. Mabinti zake wanataka kuing'arisha waifanye kidani.

"Wewe ndiye uliyeniambia sarafu haisafishwi, ikisafishwa imekufa. Basi nimeamua iwe yako. Njoo nayo kesho nyumbani, wanangu waione mara ya mwisho, nikukabidhi mbele yao."

Nikasema asante.

Iko mezani hapa. Inang'aa kama kijiko cha dukani, mikwaruzo midogo midogo kila mahali. Daraja limeshuka, mvuto umekwisha.

Lakini si hilo linalonitesa.

Bi Zuhura anaijua rupia ya mama yake kwa rangi ile. Kesho nikimwekea hii mkononi, atadhani nimembadilishia. Mabinti zake pia. Na kwa nini wasidhani? Mimi ningedhani.

Nitakwenda mapema kabla wanawe hawajafika, nimweleze akiwa peke yake. Nitamwomba aniamini. Kwa lipi aniamini, hata mimi sijui.