Kijani Ulichokiona, Mama

Mama, shikamoo.

Nimeandika shikamoo, kisha nikakaa kidogo nikingoja marahaba yako. Mazoea yana taabu.

Sisi hatujambo. Baba anakula, ingawa anaacha nusu. Maharage ya bondeni yamezidiwa na magugu kwa sababu jembe halijashikwa nyumbani. Tunangoja Jumamosi, siku ya kuanua matanga. Siku ya kukuzika majirani nao hawakulima, hata yule mnayegombana naye mpaka. Lakini kule mjini Biharamulo katapila la barabara halina matanga. Kesho yake lilikuwa linachimba mtaro palepale ulipoangukia, na wiki iliyofuata nami nilisimama palepale na kibao changu cha kuongozea magari. Watu wananiuliza ninawezaje. Sijui, Mama. Ninasimama tu. Sijalia bado. Niko kama mtu aliyelalia mkono wake: mkono anauona, ila hausikii.

Sasa wameweka utepe kwenye njia ya waendao kwa miguu, na ubao juu ya mtaro. Siku ya tatu utepe ulikuwa umeshakatwa vipande, wauza kuni wamefungia mizigo. Ungecheka. Kile kifusi cha udongo cha pembeni mwa barabara nacho kimeondolewa. Kabla hakijaondolewa mvua ilinyesha, na maharage yako yaliyomwagika yakaota juu yake, machache. Nilitaka kung'oa hata mche mmoja nikaupande kwako. Greda likaniwahi.

Kuna jambo sijamwambia mtu.

Unakumbuka nilipopata kazi hii ya kuongoza magari kwenye ujenzi? Ulikuwa uani kwetu Nyamahanga unapepeta maharage. Ukaniuliza, "Hicho kibao kinasemaje? Mimi kusoma sijui." Nikachukua mfuniko mwekundu wa ndoo ya maji na jani la mgomba, nikakufundisha: nyekundu simama, kijani pita. Ulikosea mara moja tu. Halafu ukaninyang'anya mfuniko, ukaanza kuwasimamisha kuku. Baba akatokea na dumu la maji, ukamwinulia nyekundu, naye mzee wa watu akasimama na dumu lake mpaka ulipomwambia, "Haya, pita." Jumapili kanisani ukawatambia wenzako, "Adventina wangu anasimamisha mabasi kwenye balabala." Balabala, hivyohivyo. Nilikuwa nakusahihisha. Siku hizi naitamka hivyo peke yangu nikiwa kazini.

Sikukuambia kwamba kile kibao ni cha magari. Haikunijia. Anayekwenda kwa miguu hana kibao chochote. Anavizia magari yakatike, akimbie. Nami niliyefundishwa kazi sikufundishwa habari zenu.

Siku ile ulikuwa unapeleka maharage sokoni, kikapu kichwani. Kifusi kilikuwa kimeziba njia ya pembeni, na barabara imebaki upande mmoja, magari yanapita kwa zamu. Nilikuona umesimama kando ya kifusi, umetulia, unanitazama, unangoja kama nilivyokufundisha. Nilifurahi, Mama. Nikageuza kijani kwa ajili ya lori lililokuwa nyuma yako.

Ukaona kijani. Ukapita.

Kifusi kilikuficha, dereva hakukuona. Sitaandika zaidi ya hapo.

Tangu siku hiyo watu wanasema, "Mama wa shamba, barabara aijulie wapi?" Msimamizi wetu alisema hivyo. Shangazi akasema hivyo huku analia. Baba hasemi hivyo, ila kila jioni ananiuliza, "Mama yako aliona nini mpaka akaingia pale?" Namjibu sijui. Namjibu hivyo nikimtazama usoni.

Kazini nina utaratibu wangu sasa. Watu wakikusanyika pembeni, naweka nyekundu, nampigia filimbi mwenzangu wa upande wa pili naye anaweka nyekundu, wenye vikapu na wenye watoto wanapita kwanza. Madereva wanapiga honi, wengine wananitukana. Msimamizi amenifokea mara mbili, "Kibao ni cha magari!" Nikamwambia ndiyo, hilo najua. Anasema atanitoa. Na anitoe. Siku ambayo bado nimekishika, watu watavuka.

Jumamosi ndugu watakuja wote, rubisi yetu ya ndizi itapita mkono kwa mkono, na wasemaji watasimama. Nitasimama kabla ya Shangazi. Nitamwambia Baba mbele yao kwamba hukuingia pale kwa kutojua. Uliona kijani ukapita, kama ulivyofundishwa, na aliyekufundisha nusunusu ni mimi. Wakinichukia, nitavumilia. Siwezi kukuacha huko umebeba ujinga usiokuwa wako. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na nimeiandika ili nisiikimbie.

Pumzika, Mama. Kikapu chako tulikiokota, kipo.

Na mfuniko mwekundu bado uko kwenye ndoo. Jana asubuhi Baba alikuwa anachota maji, akauinua, akatoka nao mpaka katikati ya ua. Alisimama pale muda mrefu, anautazama. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilitaka kumwambia, "Haya, pita."

Mwanao,
Adventina